Mpungate Wangu Hauendi Shambani

Nina mmea ambao naweza kukaa nao mwezi mzima bila kuupa tone la maji, nao usilalamike. Haunyauki nikienda likizo. Jua la saa saba mchana, lile linalokausha nguo zetu kwenye kamba za hosteli kabla hatujamaliza kula, wenyewe hulipokea kama chakula. Ni mpungate mfupi wa Amerika ya Kusini, na jina lake la kisayansi ni Opuntia sulphurea. Unaishi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia kwenye baraza ya hosteli yetu hapa Kampala, na mwaka huu unatimiza miaka mitatu mikononi mwangu. Katika insha hii nitaeleza mmea huu ni wa namna gani na jinsi ninavyoutunza. Kisha nitaeleza kwa nini nilimkatalia baba yangu mzazi aliponiomba vipande vyake akapande shambani kwetu. Hilo la mwisho ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na jina, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Hapa Kampala watu wengi hulitumia neno la Kiingereza na kumaliza mazungumzo. Lakini kamusi zetu zina maneno mawili: dungusi na mpungate. Mimi nalitumia dungusi kwa ukoo mzima wa mimea hii, na mpungate kwa ile yenye mashina bapa yaliyounganishwa moja juu ya jingine. Kipande kimoja nakiita bapa, kama tunavyosema bapa la panga, maana ni kipana na kimelala vilevile. Wengi hudhani mabapa hayo ni majani. Sivyo. Bapa ni shina. Majani ya mpungate ni madogo mno, huchomoza kwenye bapa changa kama vipembe vidogo vya kijani, na baada ya muda mfupi hudondoka. Kazi yote ya kutengeneza chakula hubaki kwa shina.

Neno sulphurea nalo lina mkasa wake. Ni la Kilatini, na linatokana na madini ambayo vitabu vyetu vya kemia huyaita salfa, kwa sababu maua ya mmea huu yana rangi ya manjano kama madini hayo. Salfa katika Kiswahili cha zamani ni kiberiti, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na njiti za kuwashia moto zilipewa jina hilohilo. Kwa hiyo mmea wangu ungeweza kuitwa mpungate kiberiti. Nilipomwambia hivyo mwenzangu wa chumbani, aliusogeza mbali na jiko la mafuta ya taa. Kuna na jambo jingine la kuchekesha: katika Kihispania cha Amerika, tunda la mpungate huitwa tuna. Muuza matunda wa kule akinadi tuna, Mswahili atamuuliza, "Mna nini?"

Kwao ni Argentina, Bolivia na Paraguay. Daktari mmoja wa Kiskoti, John Gillies, aliyeishi Mendoza katika miaka ya 1820 na kukusanya mimea ya nchi hiyo, ni miongoni mwa wale ambao majina yao yameandikwa pamoja na jina la mpungate huu katika vitabu vya botania. Mendoza iko magharibi mwa Argentina, chini ya milima ya Andes. Pepo zinazotoka bahari ya Pasifiki huacha maji yao upande wa Chile, zikivuka milima zinakuwa kavu. Ndiyo maana Mendoza hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000. Tena kule kuna majira ya baridi, na usiku wa mwezi wa saba maji huweza kuganda. Mmea uliozaliwa mahali kama hapo umejifunza kuvumilia ukame na baridi kwa pamoja.

Hauendi juu. Ukiwa kwao hufika sentimita 30 hivi, halafu hutambaa kwa upande hadi kuwa kichaka cha mita moja au mbili. Mabapa yake ni manene, yana vinundu, na kwenye kila kinundu hutoka miiba mirefu ambayo mara nyingi imejipinda kama waya uliotumika. Miiba hiyo mirefu unaiona, unaiogopa, unajihadhari. Wanaokuumiza ni wadogo zake. Chini ya kila mwiba mrefu kuna kishungi cha vimiba vifupi, vyembamba kama unywele, vyenye vinyusi vinavyoelekea nyuma kama vya ndoana. Ukigusa bapa kidogo tu, vinabaki kwenye ngozi kwa makumi. Huvioni, ila kila ukishika kalamu unavikumbuka. Dawa yake ni gundi ya karatasi: unaibandika juu ya ngozi, unaibandua, unarudia.

Nilichokipenda zaidi kuhusu mmea huu ni jinsi unavyopumua. Mimea mingi hufungua stomata zake mchana ili kuvuta kabonidayoksaidi, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi kwa joto la jua. Dungusi hufanya kinyume. Mchana hufunga milango, na usiku, hewa ikiwa imepoa, hufungua na kuvuta hewa hiyo, ikaiweka ndani yake kwa namna ya asidi. Kukicha hufunga tena, kisha hutumia akiba ile pamoja na mwanga wa jua kufanya usanisinuru. Kwa sababu hiyo bapa la alfajiri lina uchachu kuliko bapa la jioni. Ni mmea unaofanya manunuzi usiku na kupika mchana. Sisi tunaosoma kwa mkopo wa wazazi tungefaa kuuangalia.

Niliupata kwa jirani yetu wa mtaani, mwalimu mstaafu wa bayolojia, ambaye nilikuwa nikimsaidia kupanga vitabu vyake wikendi. Miaka mingi iliyopita alipanda mbegu za madungusi ya aina mbalimbali, na kila chungu chake kina kibao chenye jina na mwaka. Siku moja alikata bapa moja kwa kisu, akalishika kwa gazeti lililokunjwa mara nne, akaniwekea ndani ya boksi la viatu. Aliniambia, "Mwanangu, huu mmea hauuawi na njaa. Huuawa na huruma." Nimeyakariri maneno hayo kuliko mashairi yote niliyofundishwa.

Maelekezo aliyonipa ni haya, nami nayaandika kwa ajili ya yeyote atakayetaka kufuga dungusi chumbani.

Kwanza, bapa lililokatwa halipandwi siku hiyohiyo. Liweke kivulini, mahali pakavu, wiki moja hadi mbili, mpaka kidonda kikauke na kufanya gamba. Ukilipanda likiwa na kidonda kibichi, maji ya udongo huingia na uozo hufuata.

Pili, udongo. Ule mweusi tunaousifia kwa migomba haufai peke yake, maana unashika maji kwa muda mrefu. Mimi nilichanganya sehemu moja ya mboji na sehemu mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, nikaongeza matofali niliyoyaponda kwa nyundo. Kopo nilililitoboa matundu saba chini kwa msumari, nikaliinua juu ya mawe mawili ili maji yapite moja kwa moja.

Tatu, maji. Wiki mbili za mwanzo usimwagilie kabisa. Baada ya hapo, chovya kijiti kikavu cha mti hadi chini ya kopo, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kikitoka na udongo ulioshikamana, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu sahau. Mmea wenyewe nao husema: ukiwa na kiu, mabapa husinyaa kidogo na kufanya mikunjo. Mikunjo hiyo haina hatari, ukinywesha hujaa tena katika siku chache. Bapa likiwa laini na la rangi ya kahawia pale chini, hilo si kiu, hilo ni kuoza, na dawa ni kukata sehemu nzima ya juu na kuanza upya.

Nne, mvua. Hapa Kampala shida si ukame. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na tena kuanzia wa tisa hadi wa kumi na moja, mvua zetu zingeuzamisha mmea wa Mendoza. Kwa hiyo kopo linakaa chini ya kingo za paa, jua linalipata lakini mvua hailifikii. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akiuonea huruma na kutaka kuunywesha kila jioni pamoja na mchaichai wake. Nilibandika karatasi kwenye kopo: "Nimeshiba, asante."

Tano, wadudu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vinundu, vifute kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Kuna jamii ya wadudu wa namna hiyo ambao ukiwaponda hutoa rangi nyekundu kama damu. Watu wa Amerika waliitumia rangi hiyo kutia nguo tangu kale.

Kwa malezi hayo bapa moja limekuwa mabapa 11. Halijawahi kuchanua. Inawezekana mmea unangoja baridi kavu ya kwao, ambayo sisi wa ikweta hatuna. Kwa hiyo ninautunza mmea ulioitwa kwa rangi ya ua ambalo sijaliona kwa macho yangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa kwanza wa kuufuga, bapa moja lilikatika wenzangu walipokuwa wakihamisha ndoo za maji. Lilidondoka nyuma ya pipa, juu ya sakafu ya saruji, pasipo udongo wala maji. Nililiona wiki sita baadaye nilipokuwa nikifagia. Lilikuwa limesinyaa, lakini upande uliogusa sakafu ulikuwa umetoa mizizi mitatu myeupe, ikitafuta vumbi lililokusanyika kwenye ufa. Nilikaa nimeliangalia kwa muda. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiusifu mmea huu kwa kutonisumbua. Kuanzia hapo nilianza kujiuliza: mmea usionihitaji mimi, unamhitaji nani?

Kwetu ni Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, wilaya ambayo mvua zake ni haba kuliko za majirani zake. Baba anafuga mbuzi na ng'ombe wachache. Zizi lake limezungushiwa matawi ya miiba aliyoyakata kwenye migunga. Kila mwaka mchwa huyala, kila mwaka hukata mengine, na kila mwaka hulazimika kwenda mbali zaidi kuyatafuta. Mwezi wa pili mwaka jana alikuja Kampala kwenye harusi ya ndugu yetu, akapita hosteli kunijulia hali. Kiangazi kilikuwa kikali, majani yote ya uwanjani yalikuwa yamegeuka rangi ya gazeti la zamani. Baba akauona mpungate wangu, umejaa na umesimama. Akachuchumaa mbele yake. Akauangalia huku na huku bila kuugusa, kama anavyoangalia fahali mnadani.

"Unaupa maji mara ngapi?"

"Wiki tatu zimepita, Baba."

"Mbuzi anaweza kupita hapa?"

"Hawezi."

Akasimama akafuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. "Mwanangu, huu ndio ua nilioutafuta miaka yote. Nikatie vipande vitano tu. Vingine vitazaana vyenyewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia hofu, kwa sababu yalikuwa kweli.

Nilimjibu kwa heshima kwamba siwezi kumpa. Akacheka kwanza, akidhani ninatania. Nilipomweleza, akasema, "Umeusomea mpaka umeuogopa?" Kisha akaniuliza swali ambalo hata mhadhiri asingelipanga vizuri zaidi. "Ninyi mnaosoma ndio mliotuambia kwamba mahindi yametoka Amerika. Muhogo umetoka Amerika. Maharage tunayokula kila siku yametoka huko. Mkonge ulio kwenye mpaka wa shamba letu pia ni wa huko. Vyote hivyo vimetulisha na kutufaa. Kwa nini huu pekee uwe mwizi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumjibu kwa haraka. Katika mila zetu mtoto hambishii baba yake juu ya ua wa zizi. Nilimwomba anipe muda, naye akapanda basi la jioni akarudi nyumbani bila bapa hata moja.

Katika wiki zilizofuata nilisoma kila nilichoweza kukipata. Nilisoma kuhusu Laikipia, nchini Kenya. Wakati wa ukoloni watu waliletewa mipungate kama ua na pambo. Leo aina moja inayoitwa Opuntia stricta imefunika malisho mengi ya wafugaji. Tembo na nyani hula matunda yake na kupanda mbegu kwa kinyesi chao kila waendako. Mbuzi na ng'ombe nao hula matunda hayo wakati wa njaa, na vile vimiba vidogo nilivyovieleza huwaingia mdomoni, machoni na tumboni. Nilifikiria midomo ya mbuzi wa Baba, nikakumbuka vidole vyangu.

Nilisoma kuhusu Australia, ambako kufikia miaka ya 1920 mipungate ilikuwa imetwaa ardhi inayokadiriwa kuwa hekta milioni 24, watu wakahama mashamba yao. Waliokolewa na nondo mdogo, Cactoblastis cactorum, aliyeletwa kutoka Argentina mwaka 1925, ambaye viwavi wake hula mabapa kutoka ndani. Na nilisoma kuhusu Afrika Kusini, habari iliyonigusa zaidi kwa sababu mhusika wake anafanana na mmea wangu: Opuntia aurantiaca, mpungate mfupi wa Amerika ya Kusini, ulioletwa kama ua la mapambo. Katika Rasi ya Mashariki umekuwa adui wa wafugaji. Hauenezwi na mbegu. Vipande vyake hukatika kirahisi, hunasa kwenye manyoya ya kondoo, hudondoka mbele ya safari, vikaota. Bapa langu la nyuma ya pipa lilikuwa limenionyesha jambo hilohilo.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Si kila mpungate ni msiba. Kule Tigray, Ethiopia, matunda ya aina kubwa ya Meksiko, wanayoyaita beles, hulisha watu na kuuzwa sokoni. Kaskazini mashariki mwa Brazil wakulima hupanda mipungate isiyo na miiba mingi na kuikatakata kuwa chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Wala sijasoma popote kwamba Opuntia sulphurea umevamia Uganda. Sikumwambia Baba hivyo, na siwaambii ninyi.

Nilichomwambia, nilipokwenda nyumbani likizo, ni tofauti niliyoiona kati ya mpungate na mahindi. Mahindi yamefungwa ndani ya maganda yake. Yasipovunwa na kupandwa na mkono wa mtu, hayafiki mbali. Muhogo unangoja ukate kijiti na uchimbe shimo. Mimea hiyo ilitoka mbali, ni kweli, lakini inatuhitaji. Ukikosea kupanda mahindi mwaka huu, mwakani huyapandi, basi yamekwisha. Ukikosea kupanda mpungate mwaka huu, mwakani unajipanda wenyewe. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni ukimpa jembe atalima shamba lote, na la jirani pia, halafu hatakurudishia.

Baba alisikiliza, lakini niliona hajashawishika. Laikipia kwake ni mbali, Australia ni hadithi. Ndipo nikamuuliza kuhusu mto.

Wilaya yetu inapakana na Tanzania kwenye mto Kagera. Baba alipokuwa kijana, alikuwa akipeleka ng'ombe huko wakati wa kiangazi. Nilimuuliza kama anakumbuka gugu maji. Uso wake ulibadilika. Anakumbuka visiwa vya kijani vikielea na maji kuelekea ziwani, na anakumbuka kwamba watu wa kwanza kuyaona waliyasifia. "Ua lake lilikuwa zuri," alisema. "La zambarau. Mama yako alitaka kulichuma." Nikamwambia kwamba gugu maji nalo limetoka Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon, na kwamba lilizunguka dunia kwa sababu ya ua hilohilo, watu wakilibeba kupamba mabwawa yao. Katika miaka ya 1990 lilifunga bandari na mialo ya ziwa Victoria, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi, na serikali ililazimika kuleta mashine na fukusi wa kulila. Hakuna aliyelileta kwa nia mbaya.

Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka niendelee kukata migunga."

Hilo lilikuwa jibu la haki, nami sikutaka kulikwepa. Kumkataza mtu mmea wa bure ni rahisi ukiwa Kampala, na zizi si lako. Kama nilikuwa nikimnyima ua, ilinipasa nimsaidie kupata mwingine. Tulizungumza juu ya oruyenje, ambao kwa Kiswahili ni mnyaa: ule mti wa vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe, ambao bibi zetu walizungushia nyumba kabla ya seng'enge kufika. Mtu asiyejua anaweza kuuita dungusi, kama anavyoweza kuliita dungusi lile euphorbia kubwa lenye matawi kama kinara cha mishumaa, enkukuuru, linalosimama kwenye malisho ya kwetu. Lakini si ndugu. Ukikata mnyaa hutoa maziwa, ukikata mpungate hutoa ute wa maji tu. Karibu madungusi yote ya dunia asili yake ni Amerika. Afrika inalo moja tu la asili, Rhipsalis baccifera, linaloning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu, na inadhaniwa ndege ndio waliolivusha bahari. Mnyaa na enkukuuru ni wenyeji wa Afrika, waliofikia umbo la namna hiyo kwa kukabiliana na ukame huohuo. Tulikuwa nao siku zote, tukauacha kwa sababu ulionekana wa kizamani.

Likizo ile nilikata na Baba fimbo zaidi ya 300 za mnyaa kutoka ua wa zamani wa jirani. Ni kazi ya hatari, utomvu ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa siku kadhaa, kwa hiyo tulifanya kazi upepo ukiwa mgongoni. Nilitaka kumwelekeza kwamba fimbo zikauke kwanza kivulini kabla ya kupandwa, kama jirani yangu mstaafu alivyonifundisha. Nilikuta ameshazipanga chini ya mwembe. "Kidonda lazima kikauke," alisema. Alijifunza hilo kwa baba yake.

Haikuwa bila gharama. Ua wa mimea huchukua muda kukua. Mwezi wa kumi na mbili, ua mpya ukiwa haujafika hata magotini, mbuzi saba walipenya upande wa zamani, wakaingia kwenye maharage ya jirani na kumaliza karibu robo ya shamba. Baba alilipa fidia, fedha ambazo zilikuwa zimewekwa kando kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Alinipigia simu jioni, akanieleza yote kwa utulivu, halafu akauliza, "Na ule ua wako wa Kampala, unaendeleaje?" Nilijua maana yake. Nikamjibu kwamba haujambo. Tulicheka wote wawili, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko changu. Tangu wakati huo sehemu ya posho yangu imekuwa ikienda nyumbani, mpaka ile ada ilipotimia.

Wako wenzangu walioniuliza kama isingekuwa rahisi kuutupa mmea wenyewe na kumaliza ubishi. Nimefikiria hilo. Lakini naona kuwa mmea kwenye kopo, mbele ya macho ya mtu anayeujua, hauna kosa. Unanifundisha kila siku namna kiumbe kinavyoweza kuishi kwa akiba. Unachohitaji kwangu si maji. Unahitaji mpaka. Mtu anayefuga kuku hujenga banda ili kumlinda kuku na mwewe. Mimi nimejenga kopo ili kulinda malisho na mpungate.

Kwa hiyo nina masharti, na yeyote anayetaka kufuga mpungate wa aina yoyote nashauri ayafuate. Simpi mtu bapa la kupanda ardhini, hata akiniahidi kulipunguza kila mwaka. Sitoi bapa kwa mtu anayeishi karibu na malisho, mto au hifadhi. Mabapa ninayoyapunguza siyatupi jalalani, maana jalala kwa mmea huu ni bustani. Nayatia ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, naufunga, nauacha juani mpaka yaoze kabisa, na hapo ndipo navitupa. Kila mwisho wa muhula nahesabu mabapa yaliyo kwenye kopo na kufagia nyuma ya pipa.

Mwezi uliopita Baba alinitumia picha ya ua wa mnyaa. Umemfika kiunoni, na katika mapengo ameongeza mkonge, ule wa Meksiko, ambao nao anaulimia usivuke mstari. Chini ya picha aliandika kwamba mvua zimechelewa tena. Nami nikamtumia picha ya mpungate wangu, mabapa yamesinyaa kidogo kwa kiu. Akajibu: "Upe maji kidogo. Usije ukamwonea mgeni."